Kidude cha kusikiliza Wi-Fi: kinachonasa hewani na kisichokifikia

Msimu wa korosho ukifunguliwa, kuanzia Oktoba, gesti za Mtwara mjini hujaa. Wanunuzi, madereva wa malori, watu wa maghala, maofisa waliotoka Dar: kila mmoja ana simu, wengine mbili, na pale mapokezi swali la Wi-Fi huulizwa mapema sawa na lile la bei ya chumba. Wi-Fi ipo. Ila ikifika saa mbili usiku inakwama, na ikishakwama maneno huanza. Kuna mtu ana kidude, ananyonya Wi-Fi ya wenzake. Kidude hicho kinanasa simu za watu, kinaweza kuchukua mpaka hela zilizomo.

Kidude kipo kweli, wala si siri. Mimi hukitumia kazini kutafuta hitilafu za mitandao, kwa ridhaa ya wenye mitandao. Nataka tukieleze kwa utulivu kinavyofanya kazi, maana watu wengi wanaogopa jambo ambalo kidude hiki hakina uwezo nalo, huku pale panapopenyeka pameachwa wazi mwaka mzima.

Kwa umbo ni bodi ya saketi yenye urefu wa kidole. Ina chipu ya Wi-Fi, kioo kidogo, tundu la memori kadi na waya wa kuchomeka kwenye pawabenki, hivyo umeme ukikatika kinaendelea na kazi. Chipu zinazotumika sana ni ESP8266, iliyotoka 2014, na ndugu yake ESP32, iliyotoka 2016, zote za kampuni ya Espressif ya Shanghai. Hazikutengenezwa kwa upelelezi. Zilikusudiwa kuwekwa kwenye taa, pampu za maji na vipima joto ili viendeshwe kwa mtandao. Aina ya pili ni kompyuta nzima katika bodi ndogo, mfano Raspberry Pi Zero W, iliyoingia sokoni Februari 2017 kwa dola 10 za Marekani. Hii mara nyingi huongezewa adapta ya Wi-Fi ya USB, kwa sababu Wi-Fi yake ya ndani, jinsi ilivyotoka kiwandani, haikuwekewa uwezo wa kazi tunayoizungumzia.

Kazi yenyewe ni kusikiliza. Wi-Fi ni redio. Ruta ya mapokezi inapotuma kitu kwenye simu ya mgeni wa chumba cha mwisho, mawimbi hayafuati njia ya kwenda kwenye simu hiyo peke yake. Yanasambaa koridoni, uani, hadi barabarani. Simu zote zilizo karibu zinayapokea. Kila simu inatazama anwani iliyoandikwa mwanzoni, ikiona si yake inatupa. Kidude kimeambiwa kisitupe. Kila kinachopita kinaandikwa kwenye memori kadi katika faili la pcap, aina ya faili la kuhifadhi mawasiliano yaliyonaswa, halafu faili hilo linafunguliwa kwenye kompyuta kwa Wireshark, programu ya bure ambayo Gerald Combs aliianzisha 1998 ikiitwa Ethereal, ikabadilishwa jina 2006.

Kwa kuwa kinasikiliza tu na hakirushi chochote, hakuna ruta wala simu inayoweza kukigundua. Ulinzi basi hauwezi kutegemea kumkamata msikilizaji. Unategemea kile unachokirusha wewe mwenyewe.

Kinachorushwa huja katika vipande vinavyoitwa fremu, na tangu kiwango cha kwanza cha Wi-Fi, kile cha IEEE 802.11 cha 1997, fremu zimegawanyika mafungu matatu. Za udhibiti ni fupi, za kupeana zamu na kuthibitisha kuwa ujumbe umefika, tuziache. Za data ndizo zinazobeba picha, sauti na maandishi yako. Za usimamizi ni za mtandao kujitangaza, simu kuulizia mtandao, kuingia na kutoka. Katika mitandao mingi ya kwetu hizi za usimamizi hupita wazi kabisa, hata nywila ya mtandao iwe ngumu namna gani. Fundi mwema na mtu mwenye nia mbaya wote wanaanzia hapo.

Tuchukue gesti ya vyumba 12 pale Shangani. Mwenye gesti ameshaongeza kifurushi, ameshabadilisha kampuni ya intaneti, na usiku hali ni ile ile. Unasimama koridoni na kidude, unakiacha kipite chaneli ya 1 hadi ya 13 katika masafa ya 2.4 GHz. Kwenye kioo unatokea mstari mmoja kwa kila mtandao: jina, chaneli, nguvu. Nguvu huandikwa kwa namba hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -45 ni mtu aliye karibu na ruta, -70 mambo yameanza kulegea, -85 ni bora asingejaribu. Gesti yenyewe inaonekana kwa -50, nzuri tu. Shida haiko kwenye nguvu.

Shida iko kwenye safu ya chaneli. Mstari baada ya mstari unasoma 6. Ruta ya gesti, ruta za gesti mbili za jirani, duka la dawa, saluni, hotspoti za simu za wageni, hata printa ya ofisi ya ng'ambo ya barabara inayotangaza mtandao wake wenyewe bila mtu kuuomba. Tuseme mitandao 12, yote kwenye chaneli moja. Chaneli moja ni baraza moja: anaongea mmoja, wengine wanasubiri amalize, hata kama hawajuani na kila mmoja ana shughuli yake.

Hapa hesabu inafaa ifanywe, kwa sababu ndiyo inayomaliza ubishi na mwenye gesti. Kila mtandao hurusha fremu ya kujitangaza takriban mara 10 kwa sekunde, iwe kuna mtu anatumia au hakuna. Ruta nyingi hurusha tangazo hilo kwa mwendo wa zamani kabisa, megabiti 1 kwa sekunde, ili hata kifaa kikuukuu kilisikie. Fremu ya baiti 250 ni biti 2,000. Kwa mwendo huo inakula milisekunde 2, na ukijumlisha utangulizi wake inafika karibu 2.2. Mara 10 kwa sekunde ni milisekunde 22, yaani zaidi ya asilimia 2 ya muda wote wa hewani. Zidisha kwa mitandao 12: robo ya muda wa chaneli imekwisha kabla mgeni hata mmoja hajafungua WhatsApp. Ruta iliyowekewa majina matatu, la wageni, la ofisi na la kamera, inahesabiwa kuwa mitandao mitatu.

Halafu unafungua faili kwenye kompyuta na kuandika kichujio wlan.fc.retry == 1. Hicho kinabakiza fremu zilizorudiwa tu, zile zilizotumwa mara ya kwanza zikagongana na nyingine au hazikufika. Mafundi wengi huanza kuhangaika zikizidi kama 10 kwa kila 100. Ukikuta 30, usiulize tena habari za kifurushi. Megabiti zinazolipiwa zinafika salama hadi kwenye ruta, kisha zinapotelea katika mita chache za mwisho kati ya ruta na kitanda.

Dawa yake haina gharama kubwa. Chaneli za 2.4 GHz zimepishana kwa MHz 5 tu, wakati mawasiliano yanataka upana wa MHz 20, kwa hiyo zisizokanyagana ni 1, 6 na 11. Anayekimbilia 3 au 9 akidhani amepata sehemu tulivu anajiumiza na kuwaumiza wengine, kwani hapo hawaelewani zamu. Kila upande unamsikia mwenzake kama kelele. Hamia 1 au 11, palipo na nafuu. Zima miendo ya zamani ili tangazo lirushwe kwa megabiti 6, na lile la milisekunde 2.2 linashuka chini ya nusu milisekunde. Futa majina ya mtandao yasiyotumika. Simu zinazoweza, zihamishie masafa ya 5 GHz yenye nafasi zaidi, ukikumbuka kuwa 5 GHz hupenya ukuta kwa shida kuliko 2.4. Kwenye nyumba nene za mawe pale Mikindani utahitaji ruta ya pili mapema kuliko kwenye nyumba ya tofali za kawaida. Na kwa ruta za jirani, kidude hakisaidii kitu; hapo ni kwenda kupiga hodi na kuzungumza.

Kina mipaka yake pia. ESP8266 na ESP32 ya kawaida husikia 2.4 GHz peke yake, kwa hiyo chochote kilichoko 5 GHz kwake hakipo. Husikia chaneli moja kwa wakati mmoja. Kikiwa kwenye 11, kilichosemwa kwenye 1 kimekipita. Data inayorushwa kwa mbinu mpya za antena mbili au tatu kwa pamoja nayo haikamati. Mtu akikuambia ana bodi ya ukubwa wa kidole inayonasa kila kitu cha mtaa mzima, anakuuzia maneno.

Sasa tuje kwenye simu zenyewe, kwani hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui.

Simu ikiwa mfukoni, Wi-Fi imewashwa na haijaunganishwa popote, haikai kimya. Kila baada ya muda inarusha fremu ya kuulizia: kuna mtandao hapa? Simu za zamani huuliza kwa kutaja majina ya mitandao zinayoikumbuka. Mtu akishuka stendi akitokea Masasi, simu yake inaweza kutaja jina la mtandao wa nyumbani kwake, wa ofisini kwake, na wa lodji aliyolala Newala mwezi uliopita. Pamoja na hayo inatoa anwani yake ya MAC, namba ya biti 48 ambayo nusu yake ya kwanza humtaja mtengenezaji. Hakuna nywila iliyovunjwa wala simu iliyoguswa. Mwenye kidude akiwa na subira anaweza kujua kuwa simu hii hii ilipita hapa asubuhi na ikarudi jioni.

Watengenezaji walilifanyia kazi. Apple walianza 2014, na iOS 8, kuzifanya simu zao ziulizie kwa anwani za kubuni. Android 10 ya 2019 ikafanya anwani ya kubuni kuwa ndiyo kawaida hata simu inapoungana na mtandao, na iPhone zikafuata 2020 na iOS 14. Unaweza kuihakikisha yako sasa hivi. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya simu, tazama anwani ya MAC inayotumika kwenye mtandao uliopo, angalia herufi au tarakimu ya pili kutoka mwanzo. Ikiwa ni 2, 6, A au E, hiyo ni ya kubuni. Ikiwa kitu kingine, inawezekana sana simu yako inatembea na anwani yake halisi, na kwenye simu nyingi ni suala la kubadili chaguo moja hapo hapo.

Kuna wenye gesti na maduka wanaoficha jina la mtandao wakidhani wamejikinga. Kinyume chake. Jina lililofichwa halitangazwi na ruta, hivyo ili simu iupate mtandao inalazimika kulitaja yenyewe kila inapoulizia, iwe dukani, sokoni au kwenye basi la Lindi. Na kidude kinalinasa jina hilo mara tu mteja wa kwanza anapounganishwa. Liacheni wazi.

Je, yaliyomo kwenye data? Inategemea. Mtandao usio na nywila kabisa hurusha data bila kufungwa na Wi-Fi yenyewe. Mwaka 2010 Google walikiri kuwa magari yao ya kupiga picha za barabarani yalikuwa yamekusanya maudhui ya watu kutoka mitandao ya namna hiyo, na 2013 walikubali kulipa dola milioni 7 kumaliza shauri la majimbo 38 ya Marekani na mji mkuu wake. Mwaka huo huo wa 2010 Eric Butler alitoa Firesheep, programu ndogo ya kivinjari iliyomwezesha mtu yeyote kuingia kwenye akaunti ya Facebook ya aliyekaa naye kwenye Wi-Fi ya wazi. Tovuti kubwa zilishtuka. Leo karibu kila tovuti ya maana hutumia HTTPS, ambayo husimba, yaani hufunga kwa msimbo, mazungumzo kati ya simu yako na seva bila kujali Wi-Fi ikoje. Anayesikiliza atajua mara nyingi jina la tovuti, muda na ukubwa wa ulichopakua. Ujumbe wako na nywila ya benki hazioni.

Wi-Fi yenye nywila ina ngazi zake za ulinzi: WEP, WPA2 na WPA3. WEP ilivunjwa tangu 2001, na ikionekana leo ni ya kung'olewa siku hiyo hiyo. WPA2 ya 2004 ndiyo iliyoenea. Simu inapoingia kwenye mtandao wa WPA2, ruta na simu hubadilishana fremu nne za kukubaliana ufunguo wa mazungumzo yale. Nywila haitajwi ndani yake, lakini anayezinasa fremu hizo nne ana vitu viwili mkononi.

Cha kwanza: kama anaijua nywila, anaweza kufungua data ya simu hiyo. Na nywila ya gesti imebandikwa ukutani, wote wanaijua. Kwa hiyo nywila ile inawazuia wapita njia, haiwatenganishi wageni na wageni. Kinachobaki kati ya mgeni na mwenzake wa chumba cha pili ni HTTPS. Udhaifu huu umezibwa kwenye WPA3, iliyoanza 2018, ambako kuijua nywila hakumwezeshi mtu kufungua alichokinasa kwa kusikiliza tu.

Cha pili: kama haijui, anaweza kwenda na faili nyumbani na kubahatisha kwenye kompyuta yenye nguvu, bila kurudi tena karibu na ruta. Hapa ndipo nawasihi watu wangu wa Kusini. Nywila nyingi za Wi-Fi tunazokutana nazo ni namba za simu. Namba ya simu ya Tanzania ina tarakimu 10 na inaanza na 06 au 07, kwa hiyo kinachobaki kubahatishwa ni tarakimu 8: uwezekano milioni 200 kwa jumla. Inasikika nyingi. Kadi ya kisasa ya michoro ya kompyuta hujaribu laki tano kwa sekunde bila taabu, na kwa mwendo huo milioni 200 zote zinakwisha chini ya dakika 7. Mtu anayeijua namba yako kwa sababu iko kwenye bango la duka hahitaji hata hizo. Weka maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyoandikwa pamoja; WPA2 inaruhusu hadi herufi 63.

Na hela za simuni? Unapobonyeza menyu inayoanza na *150*, mawasiliano yale yanapita kwenye mnara wa kampuni ya simu. Hayagusi Wi-Fi kabisa, wala kidude cha Wi-Fi hakiyasikii, hata ukiwa umekaa mezani na mwenye nacho. Ukitumia programu ya benki au ya kampuni ya simu kupitia Wi-Fi, programu hiyo husimba mawasiliano yake yenyewe. Wizi unaowaliza watu wetu unaingia kwa njia nyingine: ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", simu ya mtu anayejifanya wa huduma kwa wateja, namba ya siri aliyopewa wakala ili asaidie kutoa pesa. Mkulima aliyelipwa korosho zake aambiwe hayo kabla ya kutishwa na Wi-Fi.

Kuna tabia moja nimeiacha: vidude hivi vinaweza pia kurusha fremu bandia za kumkata mtu hewani. Ukiona kwenye faili fremu za kukata zikimiminika kwa mamia zikielekezwa kwa kila simu, si ruta mbovu. Kuna mtu anachezea mtandao. Kinga yake, 802.11w, ilitoka 2009, na kwenye WPA3 ni lazima. Huko si kusikiliza tena, ni kuharibu mawasiliano ya wengine.

Hata kusikiliza kwenyewe kuna mipaka ya kisheria. Katiba yetu, Ibara ya 16 na ya 18, inalinda faragha ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inafanya kunasa mawasiliano ya watu bila idhini kuwa kosa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambana anayekusanya taarifa zinazomtambulisha mtu. Kijana anayejifunza mitandao afanyie mazoezi ruta yake na simu zake. Fundi achukue ruhusa ya maandishi, akipange kidude kinase vichwa vya fremu, yaani ile sehemu ya mwanzo yenye anwani, bila maudhui, kwani kwa kazi kama ile ya Shangani vichwa vinatosha, na faili lifutwe kazi ikikabidhiwa.

Mwenye gesti naye afungue ukurasa wa mipangilio ya ruta. Achague WPA2/WPA3 kwa pamoja kama ruta inaruhusu, ili simu mpya zipate ulinzi na za zamani zisikatike. Awashe chaguo la kutenganisha wateja, ili simu ya mgeni mmoja isiweze kuifikia ya mwingine kupitia ruta. Kompyuta ya ofisi, yenye hesabu na nakala za vitambulisho vya wageni, iwe kwenye mtandao wake, na nywila ya mtandao huo isibandikwe ukutani.